Wasichana wafundishwe kulipa saumu kabla Shaaban haijaisha

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wazazi na walimu wenzangu. Mabinti zetu wengi wana deni la saumu za siku za hedhi wasilolijua, kwa sababu sisi wakubwa tunaona haya kuwafundisha.

Nasomesha wasichana katika madrasa ya mtaani hapa Ngamiani, Tanga. Juzi tulipofika mlango wa saumu niliwauliza waliokwisha kubaleghe: nani anadaiwa na Ramadhani iliyopita? Kimya. Wadogo walipotoka, mmoja akasema yeye hadaiwi chochote kwa kuwa hakula mchana hata siku moja. Akiwa katika siku zake aliamka daku na wenzake, akanuia, akashinda na njaa huku tumbo likimkata, ili baba na kaka zake wasimjue. Wenzake wakaitikia: nao hufanya vivyo hivyo.

Mhariri, hapa hakuna khitilafu ya madhehebu. Mwenye hedhi hafungi. Akinuia saumu, saumu hiyo haisihi, na kufanya hivyo kwa kujua ni haramu. (Kukaa tu bila kula, pasipo nia, si dhambi, lakini si ibada pia.) Bibi Aisha, mke wa Mtume, radhi za Allah ziwe juu yake, aliulizwa na mwanamke aitwaye Muadha kwa nini mwenye hedhi hulipa saumu na halipi swala. Jibu lake, alilolipokea Imam Muslim katika kitabu chake cha hadithi, ni kwamba wao yaliwapata hayo wakaamrishwa kulipa saumu, na hawakuamrishwa kulipa swala. Basi binti yule ameumia bure, na siku zake zote bado anadaiwa.

Baada ya hapo maswali yalimiminika, nami nikajua ni ya muda mrefu. Damu ikitoka muda mchache kabla ya adhana ya Magharibi? Saumu imebatilika, atailipa, japo inauma. Ikikatika usiku kabla ya Alfajiri? Anuie na afunge, hata kama josho, yaani kuoga kwa kujitoharisha, ataliwahi baada ya adhana. Asichelewe tu na swala. Ikikatika mchana? Siku hiyo haihesabiwi, ingawa kwetu Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, ni sunna ajizuie kula mpaka jioni. Damu ikipita siku 15, kwa madhehebu yetu iliyozidi si hedhi bali ni istihadha: ajitoharishe, aswali na afunge, na mama amfikishe kwa daktari. Hilo la mwisho wengi walikuwa hawajapata kulisikia, na yuko aliyekuwa akiacha swala kwa wiki nzima zisizomhusu.

Zamani kwetu pwani binti akivunja ungo alikabidhiwa kwa somo wake, mwanamke mkubwa wa kumfunda, naye alimweleza kila kitu, usafi, vitambaa, josho, swala na saumu. Siku hizi somo anatafutwa harusi ikikaribia. Mama anamwachia mwalimu, mwalimu wa kiume anauruka mlango wa hedhi katika kitabu, na binti anabaki na simu yake au shoga yake asiyejua kumzidi.

Kuona haya huku kumetoka wapi? Katika Hija ya Kuaga, Mtume (S.A.W.) alimkuta Bibi Aisha analia huko Sarif, karibu na Makka, kwa sababu hedhi imemjia. Akamwambia hilo ni jambo ambalo Mwenyezi Mungu amewaandikia mabinti wa Adam, afanye kila afanyalo haji isipokuwa kutufu, yaani kuizunguka Kaaba. Mwanamume bora wa viumbe alilitaja waziwazi, akamliwaza mkewe. Baba wa Ngamiani anashindwaje?

Nalisema sasa kwa sababu ya Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani. Bibi Aisha mwenyewe alikuwa akizilipa siku zake katika mwezi huu. Kwa madhehebu yetu, anayechelewesha bila udhuru mpaka Ramadhani nyingine ikaingia hulipa siku zake pamoja na kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Asiyefundishwa ana udhuru wa kutojua, lakini siku zenyewe hazimwondokei. Akina mama, kaeni na mabinti zenu wiki hii, mhesabu pamoja kwa kukisia lililo karibu na yakini, waanze kufunga Jumatatu na Alhamisi kama mfululizo unawalemea.

Masheikh wetu nawaomba walitaje hili katika darsa za kabla ya Ramadhani, wanaume wakiwapo, kwa lugha ya heshima lakini inayoeleweka. Na akina baba: binti asipotokea mezani wakati wa daku, msimgongee mlango wala msimuulize mbele ya kaka zake. Mama amwekee chakula chake cha mchana jikoni, ale ameketi, si kwa kujificha chooni kama wanavyofanya baadhi yao.

Mwalimu wa madrasa,
Ngamiani, Tanga