Barua kwa Zuhura, baada ya kusikiliza mara tano

Mombasa,
Jumapili, 17 Novemba 2024

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na za mama pia, ambaye anauliza kama huko Hamburg yuko anayekupikia wali wa nazi au unaishi kwa mikate tu. Sisi ni wazima. Joto limeanza kupanda na kaskazi bado haijashika, kwa hiyo usiku tunakwea juu ya dari kutafuta upepo.

Najua ulingoja ujumbe wangu wa sauti usiku uleule albamu mpya ya Linkin Park, bendi yetu ya rock, ilipotoka. Nilirekodi mara mbili nikafuta mara mbili. Wa kwanza nilikuwa nalia, wa pili nilikuwa nabisha, na hata sijui nilikuwa nabishana na nani. Tena nilikuahidi sitatoa hukumu kabla ya kuisikiliza From Zero mara tatu. Leo nimefika ya tano. Ndiyo maana nimeshika kalamu, simu inanifanya niropoke.

Unakumbuka tulivyokosana Septemba. Tarehe 5, Linkin Park walipojitokeza mubashara na Emily Armstrong, mwimbaji wao mpya, akasimama pale mbele, wewe uliniandikia "Hatimaye!" nami nikakujibu kwamba wamemzika Chester Bennington, mwimbaji wao marehemu, mara ya pili. Ukaninyamazia siku nne. Haki yako. Kulikuwa na maneno mengine pia juu ya huyo dada, yasiyohusu sauti yake, na hayo tumeyabishana hadi data ikatuishia, siyarudii. Lakini neno langu la msingi lilikuwa fupi, na sasa naona aibu kuliandika. Nilisema mwanamke hawezi.

Mimi, Zuhura. Mimi wa kusema hivyo.

Kidato cha pili, bwenini. Kaka yangu Hamadi alikuwa ametuchomea CD ya albamu yao Minutes to Midnight nzima, na sisi tukakwama kwenye "Given Up" kwa sababu ya ule ukelele wa Chester wa sekunde 17 kwa pumzi moja. Tulipima kwa saa yako ya mkononi, ile ya plastiki. Wewe uliishia sita ukakohoa mpaka ukashikilia kitanda. Mimi nilifika tisa. Tisa! Nilijiona tayari niko Los Angeles. Halafu mwalimu wa zamu akaingia na tochi kuuliza nani kapandwa na mashetani, na wenzetu wote, wasaliti wale, wakaninyooshea kidole.

Ilipokaribia ile jioni ya burudani tukaomba kuimba, tukaambiwa tutafute kitu cha kike. Likizo nikamlilia Hamadi, nikidhani kaka atanitetea. Akasema, "Nyinyi shikeni sehemu za Mike. Za Chester waachieni wanaume." Tukamtii! Tukapanda jukwaani tukaghani beti za Mike Shinoda, mghani wa bendi, na kila kilipofika kiitikio tukasimama kimya, hakuna wa kukiimba, kama mtu anayeongea na simu iliyokatika. Wasichana 300 wakitukodolea macho. Nadhani hiyo ndiyo onyesho mbaya zaidi ya muziki wa rock iliyowahi kufanyika Pwani nzima.

Sasa fikiria: miaka 16 imepita, nami nikamtupia Emily maneno yaleyale ya Hamadi, sikuongeza wala kupunguza. Hilo sikuliona Septemba. Nimeliona Ijumaa usiku, na nitakueleza lilikuja kwenye wimbo gani.

Ila kabla ya hapo kuna jambo jingine lililonifanya niuogope ulimi wangu. Unakumbuka Mei 2017, albamu yao One More Light ilipotoka? Tuliitukana, mimi na wewe na nusu ya dunia. Gitaa ziko wapi, hii ni pop, hii ya kuchezwa saluni. Mimi ndiye niliyesema la saluni. Ilitoka tarehe 19 Mei, na tarehe 20 Julai Chester akajiondoa duniani, siku ambayo rafiki yake, mwimbaji marehemu Chris Cornell, angetimiza miaka 53. Ule wimbo uliobeba jina la albamu, niliokuwa nauruka kila mara, ndio kila mtu akauimba kumlilia. Nami nikauimba, koo limejaa haya. Tangu siku hiyo sitaki tena kuwa mtu wa kwanza kutoa hukumu. Kumbe haijanizuia kuitoa kabla hata albamu haijatoka.

Haya, Ijumaa. Ilikuwa itoke saa sita usiku. Hamadi alikuja saa nne na ile spika yake kubwa ambayo mkewe anaiita mke mwenza. Saa tano na nusu stima zikapotea mtaa mzima. Spika ya Hamadi haina betri, ikabaki sanduku. Basi tukachukua sufuria ya mama ya pilau, tukaitumbukiza simu ndani, tukakaa juu ya dari gizani, vichwa viwili vimeinamia sufuria kama wapishi wanaonusa kama wali umeungua. Usicheke. Sufuria inakuza sauti vizuri sana, ila kila kitu kinapata mwangwi wa msikiti mtupu.

Inaanza na kipande kifupi, sekunde kama 20 tu, sauti za kwaya halafu inakatika na Emily anasikika akiuliza juu ya jina la albamu. Jina lenyewe limebeba mawili: kuanza na sifuri, na Xero, lile jina la bendi kabla Chester hajaingia mwaka 1999. Hamadi akanieleza hayo kana kwamba sijui. Nikamwacha.

Nyimbo nne tulikuwa tumeshazisikia, maana walizitoa mojamoja. "The Emptiness Machine" wewe ulikuwa umenichosha nayo. Lakini nilipoisikia pale, ikiwa mwanzo wa safari na si wimbo mmoja uliotumwa peke yake, nilitambua hila yao. Ubeti wa kwanza anaimba Mike peke yake. Sauti tunayoijua, iliyokuwapo tangu 2000. Anatutuliza, anatukalisha, ndipo Emily anaingia nyuma yake. Kama bibi harusi anavyoingizwa nyumba ngeni, shangazi mbele, yeye nyuma. Hawakumsukuma mlangoni atupigie hodi peke yake. Nimewapenda kwa hilo kuliko nilivyoupenda wimbo wenyewe.

"Cut the Bridge" ilimfanya Hamadi apige goti lake kama dramu. Halafu ikaja "Heavy Is the Crown".

Ndiyo, nao tulikuwa tumeusikia, ni ule uliofanywa kwa mashindano ya dunia ya mchezo wa kompyuta League of Legends. Lakini mimi nilikuwa nimeusikia kwa sikio moja, wa kutafuta kosa. Ijumaa gizani hakukuwa na picha wala uso wa mtu, ni sufuria tu. Ulipofika ule ukelele wake mrefu, Zuhura, kidole changu kilikuwa kinahesabu pajani. Sikukiamuru. Kilikuwa kinahesabu chenyewe kama bwenini. Kilipita tisa. Kikapita kumi. Kikaendelea, naye bado hajavuta pumzi, na mimi nimeshikilia pumzi yangu nikimsubiri aanguke, na hakuanguka. Chini mama akapiga ukelele wake: "Mnachinjana huko juu?"

Hapo ndipo nilipolia. Sikumlilia Chester, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Nilimlilia yule msichana aliyesimama kimya kwenye kiitikio.

Huyu dada haigizi. Nilikuwa nimejiandaa kumkamata akiigiza, sikumpata. Chester alipopasua koo ulisikia jeraha, kama kitu kinachanika ndani na yeye anakionea huruma. Emily anapopasua koo nasikia mtu aliyekasirika na aliyeshiba, mwenye nguvu zake. Ni maumivu ya namna nyingine. Na zile nyimbo za zamani anazoimba jukwaani bado zinanipa tabu. Ile dakika uliyonitumia kutoka Barclays Arena huko Hamburg tarehe 22 Septemba, watu wakiimba "In the End", sijaweza kuifikisha mwisho. Wewe ulikuwepo, uliiimba kwa koo lako, labda ndiyo tofauti yetu. Lakini hizi mpya ni zake. Hakuna mtu anayemdai.

"Casualty" sikuitarajia kabisa. Fupi, kali, na Mike, yule Mike mpole wetu wa beti za kughani, anapiga makelele! Hamadi alicheka hadi akaipiga sufuria teke. Tuliirudia mara tatu. "Overflow" ni ya usiku, sauti zinaelea, mwangwi juu ya mwangwi, na sufuria ilizidisha. "Two Faced" ni zawadi kwa wazee kama sisi: gitaa la Hybrid Theory, albamu yao ya kwanza, DJ wao Joe Hahn anakwaruza santuri zake, unajiona umevaa sare ya shule. Wako watakaosema hapo wanajirudia. Na wajirudie, bwana. Mtu aliyepoteza miaka saba ana haki ya kupita nyumbani kwao kusalimia.

"Stained" naiona dhaifu. Nimejaribu mara tano, inapita masikioni kama gari la jirani. Najua wewe utaitetea.

Na nina malalamiko. La kwanza: dakika 32! Miaka saba tunangoja, halafu dakika 32. Foleni ya feri ya Likoni siku ya Jumatatu ni ndefu kuliko albamu hii. Ilipomalizika Hamadi akaitikisa simu akidhani imekwama. La pili: mbona hakuna anayemlilia Rob Bourdon? Sote tumegombana juu ya kiti cha Chester, na kile kiti cha dramu kimekaliwa na Colin Brittain bila hata mtu kuguna. Rob alikuwa pale tangu siku za Xero, akaamua mwenyewe kutorudi, na sisi mashabiki tukapita kama hatukuwahi kumjua. Mimi nilikuwa nampigia mapigo yake kwenye dawati. Nimemkumbuka kwenye "IGYEIH", sijui kwa nini hapo hasa. Brittain anapiga vizuri, sina neno.

Ya mwisho, "Good Things Go", sitakuandikia mengi. Tuliisikiliza bila kusema. Hamadi aliwasha sigara aliyokuwa amemwambia mkewe ameiacha, akaangalia upande wa bahari ingawa hakuna kilichoonekana. Nilimuuliza, "Basi?" Akakaa. Akasema, "Anajitahidi."

Unamjua Hamadi. Neno hilohilo ndilo alilomwambia mkewe mwaka wa kwanza juu ya biriani yake, na sasa anakula sahani tatu. Nilimkumbusha ile ya "waachieni wanaume". Anaapa hakuwahi kuisema. Anaapa kabisa, kwa jina la marehemu baba! Nikamwambia Zuhura ni shahidi yangu, kwa hiyo jiandae, utapigiwa simu.

Jana asubuhi nilimpigia yule mpwa wangu wa miaka 13 "Heavy Is the Crown", stima zilikuwa zimerudi na spika ya mke mwenza ilikuwa bado kwetu. Hajui Chester ni nani. Hajui kama kuna mtu aliyekuwa na kiti hicho. Kwake yeye hii ni bendi ambayo dada anapiga kelele na kaka anaghani, basi, kama vile dunia iliumbwa hivyo. Akaniuliza kama wana nyimbo nyingine. Nikamwambia wanazo kidogo. Nikampa albamu ya Meteora.

Niambie wewe. Umeisikilizia wapi, kwenye treni? Ulikuwa na nani? Usinipe hukumu ya mtu aliyewaona kwa macho, nipe ya mara ya kwanza, masikio tu. Na niambie ukweli kama kuna mahali ulimtafuta Chester ukamkosa, maana mimi kwenye "Over Each Other" nilimtafuta, pale Emily anapoimba peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nangoja sauti ya pili iingie chini yake. Haiingii.

Ukija Disemba niletee ile fulana ya ziara, nyeusi, saizi yangu imeongezeka usiulize. Na njoo na ile saa yako ya plastiki kama bado inaishi. Jana jioni nilipanda juu ya dari peke yangu nikajaribu. Nimeishia sekunde saba, na mbuzi wa jirani wakajibu. Tutakwenda Nyali asubuhi sana maji yakiwa yametoka, mbali na watu, na safari hii wewe huruhusiwi kukohoa.

Wako,
Tima

N.B. Mama anasema sufuria imepata kibonyeo. Ni teke la Hamadi. Nimemwambia ni la Hamadi, haniamini.