Shangazi, kipimo cha mifupa kisikudanganye

Shikamoo Shangazi,

Naandika hadharani maana hauko peke yako. Igogo, Mabatini, Bugarika, kote huko Mwanza nyumba zimepanda juu ya mawe, na akina mama wenye sukari wamo humo. Na wao wasome.

Tangu urudi kutoka Dar na karatasi ya kipimo cha mifupa, ukikatazwa kushuka mawe usiku unajibu, "Mifupa yangu mizima." Alama ni hasi 0.8, nzuri, sikatai. Osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kudhoofika, huhesabiwa kuanzia hasi 2.5 kwenda chini. Ila mashine ile hupima wingi wa madini kwenye mfupa, uimara wenyewe haiuoni. Wenye sukari ya aina ya pili mara nyingi hupata majibu mazuri kama ya wasioumwa, hata kuwazidi, na bado nyonga zao huvunjika zaidi. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2011 ulionyesha hivyo hivyo: kwa alama ile ile, mzee mwenye sukari yuko hatarini kuliko asiye nayo.

Sukari ikikaa juu miaka mingi hujishikiza kwenye kolajeni, zile nyuzi zinazoufanya mfupa usiwe mkavu. Unaijua kamba ya wavuvi iliyoachwa juani msimu mzima: unene ule ule, ukiivuta inakatika. Mfupa wenyewe nao hujikarabati polepole. Tena hedhi ilishakoma zamani, na homoni iliyokuwa ikiulinda mfupa ikapungua.

Lakini aghalabu nyonga huvunjika kwa kuanguka, na hapo ndipo ninapokuhofia. Miguu ina ganzi, jiwe likicheza hutahisi. Macho yana ukungu. Sukari ikipanda mkojo unakuamsha kila mara, choo kiko nje, na mguuni una ndala! Kisha zile glibenklamaidi, vidonge vyako vya kushusha sukari: ukizimeza ukalala na chai kavu, sukari inaweza kushuka chini ya 3.9 mmol/L, ukaamka unatetemeka, jasho, kizunguzungu. Usiziache kwa sababu ya barua yangu. Mweleze daktari wa kliniki kuhusu usiku huo, umuulize kama ipo dawa isiyokushusha hivyo. Na weka kopo chumbani. Nani atakucheka?

Dagaa wa soko la Mwaloni endelea nao, unawala na mifupa yao na kalsiamu imo humo. Ila dagaa hawazuii mtu kuteleza.

Ikitokea umeanguka (Mungu apishie mbali), ukashindwa kusimama, mguu ukaonekana mfupi na wayo umegeukia nje, asikukande mtu wala kukuvuta. Najua jirani atamwita fundi wa kuunga mifupa. Nyonga karibu siku zote inataka upasuaji, na mwenye sukari akilazwa chali wiki nyingi anasubiri mfupa ujiunge, hupata vidonda vya mgongoni, nimonia, damu kuganda. Upelekwe hospitali ya Sekou Toure au Bugando siku hiyo hiyo.

Viatu nimempa mjukuu wako akuletee Jumamosi. Vimefungwa nyuma, soli haitelezi. Vikikubana usivumilie kwa kunionea haya, virudishe tubadilishe. Kwa ganzi hiyo vitakutoa kidonda kabla hujajua.