Makumbi niliyoyakimbia

Mwanangu Mwanahawa,

Assalaam alaykum. Huku Jambiani sote wazima, alhamdulillah, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo hujua kusi limeanza kabla mimi sijatoka nje. Nimeona bora nikuandikie, maana kwa simu utaanza kucheka na mimi sitamaliza. Mtoto wa kaka yako atazipiga picha kurasa hizi akutumie.

Jumatano skuli yao iliwapeleka watoto kwenye kile kiwanja cha mambo ya zamani, palipojengwa nyumba za asili, wageni wakatembezwa kuona tulivyokuwa tukiishi. Walitaka wazazi wawili watatu wa kuangalia watoto, nikajitolea. Kaka yako akaniuliza ninakwenda kuona nini ambacho sijakiona. Nikamwambia nakwenda kuhesabu kama wamekosea.

Nyumba ni nzuri, sitasema uongo. Miti ya mikoko, fito, udongo umekandikwa ukakandikika, paa la makuti ya viungo yaliyobanana hata mwanga hauoni pa kupita, na ua wa makuti ya kumba. Ndani kuna kitanda cha kamba, mtungi na kata yake. Nje dema limeegemezwa ukutani kama linangoja mtu wa kwenda nalo baharini. Lakini jikoni, mwanangu! Mafiga matatu hayana hata chembe ya jivu, ukuta hauna masizi, na kuku hakuna hata mmoja. Sijawahi kuona jiko la shamba lisilo na kuku anayefukuzwa.

Kijana wa kutembeza (si papasi wa kuvamia wageni njiani, huyu ana kitambulisho shingoni na adabu zake) akashika kifumbu akawaambia watoto kuwa ni chombo cha kuvulia kamba. Nikakohoa. Akaniangalia. Nikamwuliza, “Baba, huyo kamba ataingilia wapi?” Watoto wakacheka, na masikini akacheka na yeye. Nikakaa juu ya mbuzi iliyokuwa pale, nikawaonyesha nazi inavyokunwa na tui linavyokamuliwa ndani ya kifumbu, ingawa nazi haikuwepo na nilikuwa nakamua hewa. Mtoto mmoja akauliza mbona tusinunue tui la paketi. Hilo sikumjibu.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Kibanda cha mwisho kilikuwa cha kamba zenyewe, hizi za makumbi ya nazi. Fungu la usumba, yaani nyuzi za makumbi, kamba zimekunjwa vizuri, na kibao. Kijana akasoma: wanawake wa zamani walisokota kamba wakati wa mapumziko yao.

Mapumziko!

Mwanangu, wewe hukunijua katika makumbi, ulinikuta katika mwani. Ngoja nikwambie. Nilipokuwa msichana, bibi yako na mimi tulibeba makumbi kichwani mpaka pwani, tukachimba mashimo pale maji yanapofika yakijaa na kupaacha yakitoka. Tunayapanga, tunayafunika kwa mchanga na mawe, kila mtu na alama yake, na ole wake atakayefukua shimo la mwenzake. Yanakaa miezi sita, wengine huyaacha zaidi. Siku ya kufukua yanatoka meusi, yananuka mayai viza, na harufu ile haikuachi kwa kuoga mara moja wala mbili. Halafu unakaa kitako uyapige kwa rungu, kumbi moja moja, mpaka uchafu utoke ubaki usumba. Unasuuza, unaanika, ndipo usokote kwa viganja. Viganja vyangu vilikuwa vigumu hata baba yako siku ya kwanza alinishika mkono akaniuliza kama nilikuwa navuta makasia. Halafu mnunuzi anakuja na bei aliyoipanga mwenyewe huko atokako.

Ndiyo maana ulipoingia mwani mwaka 1989, hapa kwetu na Paje, mimi sikungoja kushawishiwa. Mbegu ilitoka Ufilipino, wanaume wengi waliidharau, na sisi tukaingia majini na vigingi vyetu. Bati lililo juu ya nyumba hii ni la mwani, sare zako za skuli ni za mwani. Baadaye maji yalizidi joto, mwani wa kotoni ukawa unakufa, tukabaki na ule wa spinosamu, wa bei ndogo. Hayo unayajua kwa sababu ulikuwa ukinisaidia kufunga taitai, vile vikamba vya kushikiza mwani. Na kamba tunayofungia mwani ni ya nailoni, ya dukani. Hata mimi mwenyewe nilikuwa sijasokota kamba kwa zaidi ya miaka thelathini.

Unakumbuka ulipokuwa darasa la tano walipowapeleka mjini, makumbusho ya Beit el Ajaib, mkauona mtepe? Ulirudi ukanieleza saa nzima juu ya chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, kana kwamba mimi sijui kamba ni kitu gani. Nikakusikiliza tu. Niliona haya kukwambia kuwa ni kazi ile ile. Jumba lile liliporomoka upande mmoja Desemba 2020, na niliposikia, nilichokumbuka kwanza ni wewe, na vidole vyako unavyonionyesha jinsi uzi unavyopita kwenye tundu la ubao.

Basi pale kwenye kibanda nikapitisha kidole kwenye fito za ukuta. Unajua nilichokiona? Zimefungwa kwa nailoni, na juu yake imezungushwa kamba ya makumbi ya kuficha. Jirani zetu wa Makunduchi kila Julai hujenga kibanda cha makuti kwa ajili ya kukichoma siku ya Mwaka Kogwa, na hakuna anayekililia, kwa kuwa mikono ya kujenga chengine ipo. Hapa kibanda kipo, mikono ndiyo imekosekana.

Msimamizi alisikia kelele zangu akaja. Nikadhani nitatolewa nje. Kumbe ananitaka kazi! Siku tatu kwa wiki, nauli na ujira, nivae kanga nikae kwenye mkeka nisokote, wageni wanitazame. Usumba wataununua tayari. Na jioni kamba ifumuliwe, ili kesho nipate cha kusokota.

Nilimwambia kazi ya kufumua sijawahi kuifanya na sina umri wa kuianza. Kama anataka kamba, tuchimbe shimo, tufukie makumbi ya kweli, tungoje. Na kamba ya kwanza itakayotoka ikafunge zile fito, nailoni itolewe. Alicheka, alipoona mimi sicheki akaacha. Kisha akauliza ujira wa kungoja ni kiasi gani. Tukakubaliana anilipe siku za kufukia na za kufukua, za katikati niendelee na mwani wangu.

Jumamosi, maji makubwa ya bamvua yalipotoka, tulifukia. Mimi na shoga zangu wawili, goti likilia, na yule kijana wa kifumbu akibeba mawe. Alama yetu ni kipande cha ngalawa. Kaka yako kanuna, anasema watu watadhani hanilishi, atanunuka.

Likizo yako ya mwakani ifanye iangukie bamvua, nitakujulisha tarehe. Njoo na kanga kuukuu mbili za kutupa, na zile sabuni zako zenye manukato uziache huko huko, hazitafua dafu.

Mama yako