Nakala ya usiku ikishindwa, seva iseme

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wenye maduka ya jumla, SACCOS na zahanati za hapa Tanga wanaotunza kumbukumbu zao kwenye SQL Server, programu ya kanzidata ya Microsoft. Nakala rudufu ya usiku ikishindwa, pengine kwa sababu diski imejaa, seva hunyamaza tu. Mwenyewe hujua siku mashine imekufa. Akitafuta nakala, ya mwisho ni ya miezi iliyopita. Inauma, maana kinga imo humohumo tangu toleo la 2005: ni sehemu ya kutuma barua pepe, inaitwa Database Mail.

Huja imezimwa. Iwasheni kwa amri ya sp_configure: kwanza 'show advanced options' iwe 1, kisha RECONFIGURE, halafu 'Database Mail XPs' iwe 1, kisha RECONFIGURE tena. Fungueni akaunti ya kutuma barua (mara nyingi poti 587, usimbaji umewashwa) na wasifu wa kuibeba. Kwa Gmail, nywila ya kila siku haikubaliki. Tengenezeni nywila maalumu ya programu, herufi 16.

Sasa penye mtego. Mkituma barua ya majaribio kwa amri ya sp_send_dbmail, skrini hujibu kwamba imeingia foleni. Fundi akiona hivyo hufunga mkoba. Lakini foleni ile imo ndani ya msdb, kanzidata ya ndani ya SQL Server yenyewe, na anayebeba barua kwenda nje ni programu nyingine kabisa. Humo msdb fungueni orodha ya barua, sysmail_allitems, msome safu ya sent_status. Ikiandika failed, sababu imo kwenye sysmail_event_log: nywila imekosewa, au poti imezibwa. Hata ikiandika sent, maana yake seva ya barua imeipokea tu. Hakikisheni haikutupwa kwenye barua taka.

Mtego wa pili: majaribio yanafika, ila kazi za usiku hazitumi kitu. SQL Server Agent, sehemu inayoendesha kazi zilizopangiwa saa kama nakala ya usiku, ina mpangilio wake wa barua. Uwashwe, uchaguliwe wasifu, kisha Agent izimwe na kuwashwa upya. Toleo la bure la Express halina Agent, kwa hiyo njia hii haipo huko.

Wengi huchagua taarifa ije kazi inaposhindwa tu. Sisi tunashauri ije kila inapomalizika, iwe imefaulu au imeshindwa. Umeme ukikatika saa saba usiku, seva iliyozimika haiandiki barua yoyote. Asubuhi isiyo na barua ndiyo inayomwambia karani aende akaangalie mashine.

Wasimamizi wa kanzidata,
Chumbageni, Tanga