Kikosi kile cha Grizzlies kisomwe chote

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu enzi zile lilipokuwa linatufikia Mwanza siku ya pili yake, na miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile makala yenu ya Jumamosi, ya kukumbuka kikosi cha Memphis Grizzlies, timu ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, cha msimu wa 2009/10, mmeipa kichwa chenye neno "galasa", na chini yake mmeweka picha ya Mtanzania wetu Hasheem Thabeet ameinamisha kichwa. Nimeisoma mara tatu, na kila mara nimeumia zaidi.

Mmeandika ana futi 7 na inchi 6. Ana futi 7 na inchi 3. Mwenzake kikosini Hamed Haddadi mmemfanya Mturuki, wakati ni Muirani, na ndiye wa kwanza wa nchi yake kucheza NBA, kama Thabeet alivyokuwa wa kwanza wetu. Hayo ni makosa ya haraka, yanasameheka. Lililoniuma ni namna mlivyokisoma kikosi chenyewe.

Mmechukua drafti ya Juni 2009, yaani zamu ya klabu za NBA kuchagua chipukizi, mkapanga majina: Blake Griffin wa kwanza, Thabeet wa pili, James Harden wa tatu, Stephen Curry wa saba, hao wawili wa nyuma yake waliokuja kuwa nyota wakubwa. Halafu mkafunga kesi. Mhariri, kikosi hakisomwi hivyo! Mchezaji anasomwa pamoja na waliokuwa mbele yake kwenye namba ile ile. Pale Memphis senta, yule mrefu wa kucheza karibu na goli, alikuwa Marc Gasol, na hakuwa na dalili ya kumpisha mtu. Mwezi mmoja tu baada ya drafti, Julai, klabu ikamchukua Zach Randolph, mrefu mwingine wa chini ya goli, kutoka klabu ya Clippers. Msimu ule Randolph alimaliza na wastani wa pointi 20.8 na ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa) 11.7 kwa mechi, akaitwa kwenye mechi ya nyota wa ligi. Gasol alikuwa na pointi 14.6 na ribaundi 9.3. Kocha Lionel Hollins alikuwa na watano wake, Mike Conley, O.J. Mayo, Rudy Gay, Randolph na Gasol, na akawang'ang'ania. Simlaumu, maana timu iliyokuwa imeshinda mechi 24 msimu uliotangulia ilishinda 40. Lakini niambieni, kijana wa Dar es Salaam wa miaka 22, aliyeanza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hivi, angepenya wapi hapo? Alipewa kama dakika 13 kwa mechi. Ndani ya dakika hizo alizuia mitupo kwa wastani wa 1.3, akaingia uwanjani katika mechi 68. Kwenye kikosi hicho hicho alikuwamo Allen Iverson, mchezaji bora wa ligi wa 2001. Alisajiliwa Septemba, akacheza mechi 3, akalalamikia kuanzia benchi, na Novemba akaondoka. Iverson mmempa aya nzima ya heshima. Huyu aliyekaa akasubiri zamu yake msimu mzima mmempa neno moja, tena la matusi.

Mimi msimu ule niliufuatilia kuliko ninavyofuatilia mvua. Mechi ya Memphis ya saa moja jioni yao kwetu ni saa kumi alfajiri. Sikuwa na televisheni ya kuionyesha, kwa hiyo nikitoka kazini nilipita kwenye kibanda cha intaneti mjini, nalipia nusu saa, nanakili matokeo kwenye kaunta buku. Ninalo hadi leo. Jalada limeliwa na mende pembeni, lakini ndani kila mechi ina mstari wake, na jezi namba 34, ya Thabeet, nimeipigia wino mwekundu: dakika, pointi, ribaundi, bloku. Kuna siku nimeandika sifuri nne mfululizo kwa mkono wangu, na niliziandika kwa huzuni. Sizifichi. Februari 2010 waliposema amepelekwa ligi ya chini, kwa Dakota Wizards, nilitafuta timu hiyo iko wapi nikakuta iko mji unaoitwa Bismarck. Jina lile lile la jiwe letu lililosimama majini hapa Mwanza. Jioni yake nilikwenda kukaa ufukweni nikalitazama lile jiwe mpaka giza likaingia. Mtoto wetu alikuwa kwenye baridi ya huko, na sisi tunaamka kila siku na jina hilo mbele ya macho.

Sasa nikueleze kwa nini nimekasirika kiasi cha kuandika. Nafundisha watoto mpira wa kikapu, Jumanne na Alhamisi, bila malipo. Yupo mmoja wa miaka 15 anayeinama kupita kila mlango. Mama yake anauza dagaa Kirumba. Viatu vya kumtosha havipatikani hata kwenye mitumba, kwa hiyo anacheza na kandambili alizozifunga kwa raba ya baiskeli zisivuke. Wenzake walikuwa wanamwita Thabeet, na ukimwita hivyo anatabasamu hadi jino la mwisho. Jumanne baada ya makala yenu mmoja akaja na ukurasa wa gazeti, wakausoma kwa sauti pale pale chini ya goli, na tangu saa ile jina likabadilika kuwa Galasa. Alhamisi hakuja. Nikamfuata nyumbani nikamkuta anaanua dagaa. "Shikamoo mwalimu." Marahaba, mbona hukuja? Akajibu bila kuacha kazi, "Mwalimu, kama yule wa futi saba alishindwa, mimi naenda wapi?" Mama yake akaniangalia, akasema, "Mwache kwanza, mwalimu, ameumia." Nilisimama pale na filimbi yangu shingoni nikakosa la kumjibu. Mhariri, ningejibu nini? Kwamba ukiwa wa pili kuchaguliwa katika chipukizi wote wa dunia wa mwaka ule, nyumbani kwenu wataandika umeshindwa? Kwamba alicheza pia Houston, Portland na Oklahoma City, kwenye kikosi kimoja na nyota Kevin Durant na Russell Westbrook, na hilo ninyi hamkupata nafasi ya kuliandika hata kwa sentensi moja?

Na tukiongelea kushindwa, mje mwone anachofundishiwa mtoto huyu. Uwanja wetu una magoli mawili. Moja limepinda tangu waliposogeza jukwaa la mkutano kwa gari. La pili lilitengenezwa na fundi wa kuchomelea aliyeagizwa na ofisi moja, ambayo siitaji, na nilipolipima kwa tepu nikakuta mita 2 na sentimita 84. Goli la kikapu duniani kote ni mita 3 na sentimita 5. Mtoto anazoea kutupa chini, akienda mashindano ya mkoa mpira unagonga ukingo wa mbele, wanasema wa Mwanza hawajui kutupa. Nikapeleka malalamiko, nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Nikaambiwa nisubiri bajeti. Jumamosi na Jumapili hatuingii kabisa kwa sababu uwanja unakodishwa kwa sherehe, na Jumatatu tunaokota vipande vya chupa kabla ya mtu kudunda mpira. Hayo yapo mwaka wa nne sasa, na hakuna mwandishi wenu hata mmoja aliyekuja, wakati kurasa tano za Simba na Yanga hazikosi siku hata moja.

Ombi langu ni hili. Chapisheni upya kikosi kile chote, kuanzia Conley mpaka Haddadi, pamoja na Sam Young na DeMarre Carroll, ambao walikuwa chipukizi wa mwaka ule ule na mmewaruka. Kila jina liwe na urefu wake, mechi zake na dakika zake, na Thabeet awekwe mahali pake pa haki, nyuma ya Gasol na Randolph. Picha iwe ile anayozuia mpira. Upande wa pili wa karatasi mchore goli, muandike mita 3.05 kwa tarakimu kubwa, na mpeleke nakala kwa kila fundi wa kuchomelea kuanzia Igoma mpaka Nyegezi. Kama usafiri wa kuzigawa ni shida, nitazigawa mwenyewe kwa baiskeli.

Tafadhali itoke kabla ya Alhamisi ijayo, saa kumi jioni. Nataka niende nayo kwa yule mama wa dagaa kabla ya mazoezi.

Mwalimu mstaafu,
Pasiansi, Mwanza