Miezi sita si mwisho wa usemi baada ya kiharusi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu makala yenu ya kiharusi. Ilikuwa makala nzuri, hasa pale mlipoeleza dalili za kumkimbiza mtu hospitalini bila kuchelewa. Ila sentensi moja imeninyima usingizi: kwamba usemi usiporudi ndani ya miezi sita, familia ijizoeze kuishi hivyo hivyo.

Mume wangu alipopata kiharusi alibaki na neno moja, "hapana". Ukimwuliza kama ana kiu, hapana. Ukimwuliza kama huyu ni mwanawe, hapana, huku amemshika mwanawe mkono na machozi yanamtoka. Wodini neno hilo lilichukuliwa lilivyo, ikaandikwa kwenye faili kwamba mgonjwa anakataa dawa. Hakuwa akikataa. Tulipoanza kumwonyesha kidonge na glasi ya maji na kumwacha aelekeze kwa kidole, alimeza dawa zake zote.

Hali hii huitwa afasia. Ubongo umeumia mahali panaposhughulikia lugha, kwa watu wengi ni upande wa kushoto. Mtu anajua anachotaka kusema, lakini neno halimjii, au linamjia asilolitaka. Si jambo geni kwa waganga: mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa mmoja wa Paris aliyekuwa amekaa hospitalini zaidi ya miaka 20 akiweza kutamka "tan" tu, hata watu wakamwita kwa sauti hiyo.

Siku za mwanzo mtaalamu wa tiba ya usemi alifika kitandani kwetu, lakini alishughulika na koo peke yake. Simlaumu. Anayetibu usemi ndiye huyo huyo anayetibu matatizo ya kumeza, na kumeza hakungoji. Maji au chakula kikiingia njia ya hewa huweza kuleta nimonia, na mgonjwa wa kiharusi anaweza kupaliwa bila hata kukohoa kwa sababu koo limepoteza hisia. (Anayemuuguza mtu nyumbani alishike hili: kutokukohoa si ushahidi kwamba anameza salama. Kinachoonyesha ukweli ni eksirei inayopigwa wakati anameza, au kamera nyembamba inayopitishwa puani.) Jambo linaloweza kuua kwa siku chache lazima litangulie. Lakini saa za mtaalamu zikiishia kooni, lugha huambulia makombo. Mgonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani, miezi inapita, kisha anaambiwa muda wake umekwisha. Muda wa nini, ikiwa tiba yenyewe hajaipata?

Utafiti uliochapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2017 ulilenga swali hili hasa. Huko Ujerumani, watu zaidi ya 150 waliokuwa na afasia kwa miezi sita au zaidi waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipata tiba ya usemi kwa wiki tatu, angalau saa 10 kila wiki. Lingine lilingoja kwanza. Waliotibiwa waliboreka katika kuwasiliana kwenye mambo ya kila siku. Waliokuwa wakingoja hawakubadilika, mpaka nao walipopata tiba hiyo hiyo. Mume wangu alikuwa akipata nusu saa kwa wiki, na wiki nyingine hapati kabisa.

Sitaki familia yoyote ipewe ahadi ya uongo. Watu wa utafiti ule hawakuzidi umri wa miaka 70, na kuboreka si kupona. Tena si kila zoezi linafaa sawa: utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kujizoeza kwa kompyuta kuliwasaidia wagonjwa kupata maneno waliyofundishwa, lakini mazungumzo yao hayakunufaika. Hilo halinishangazi. Kutaja picha ni kazi moja, kumjibu mtu anayekusubiri ni kazi nyingine kabisa.

Sisi tulianza tiba ya kweli mwezi wa 14, baada ya kuhangaika sana. Leo anatuita wote nyumbani kwa majina. Simu bado inamshinda, na akichoka maneno humkimbia. Lakini akisema hapana, tunajua ni hapana.

Naomba mwandishi wenu airudie ile sentensi na kuisahihisha katika toleo lijalo, na aandike pia saa ambazo mgonjwa anapaswa kuzidai. Kuna mtu aliyeisoma akiwa kando ya kitanda, na huenda ameshaacha kuuliza.

Wako mtiifu,
Mke wa mgonjwa