Mpigie Mama Mdogo

Kisumu, Jumapili usiku

Mama Tito wangu,

Salamu nyingi kwenu nyote. Huku tu wazima, isipokuwa Mama Mdogo, na ndiye amenifanya nishike kalamu saa hii.

Ameacha dawa za presha. Nabii wa hapa mtaani alimwambia kumeza vidonge ni kuutilia shaka uponyaji. Akauziwa kichupa cha mafuta ya upako, akaambiwa apande mbegu, yaani atoe pesa ili abarikiwe, naye akapanda karo ya Otis. Leo amesimama madhabahuni kutoa ushuhuda kwamba amepona. Jioni nikampima: 190 kwa 110.

Baba Otis anasema dini zote ni biashara, zifungwe. Nilimjibu kwa ukali, kisha usingizi ukanipaa. Kule msitu wa Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, walifukuliwa watu zaidi ya 400, walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu. Nitabishana naye kwa lipi?

Lakini Mama Tito, Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, hapo Nakuru tulilala wapi? Kwenye ukumbi wa parokia. Waliotupikia uji ni akina mama wa kanisa, na wengi wao walikuwa wa kabila tuliloambiwa tuliogope. Yule wa leso ya kijani hakuniuliza jina la baba yangu. Mwezi huohuo, kule Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilichomwa moto watu wakiwa ndani. Nayawaza yote mawili, siwezi kuyatenganisha. Ninachojua ni kwamba yule mama alitoa, hakudai. Huyu nabii anadai, na ukiuliza swali unaambiwa una pepo.

Sasa Mama Mdogo. Mimi hanisikii tena, ananiita mpinzani. Wewe anakuheshimu tangu mlipokesha pamoja kwenye matanga ya Mjomba. Usimseme nabii wake, atakata simu. Msomee 2 Wafalme 20: Isaya, nabii kweli, aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la Hezekia, akapona. Na Luka alikuwa tabibu! Vidonge viko kwangu, nimevihifadhi.

Utampigia kesho asubuhi, kabla hajaenda kwenye maombi? Akikataa, unaweza kuja Ijumaa, nauli nitume mimi? Karo ya Otis tuichangie kwenye chama, au Baba Otis ataona aibu? Tito amepona kikohozi? Na yule mama wa leso ya kijani, bado anasali pale parokiani?

Wako,
Mama Achi